Magitaa ya Jogoo Road

Mwaka 1968 vijana wanne wa Uingereza, The Tremeloes, waliuingiza wimbo "Helule Helule" katika ishirini bora za nchi yao. Hawakuwa watu wa kubahatisha. Mwanzoni mwa 1962 kampuni ya Decca iliwasikiliza wao na kundi jingine kutoka Liverpool, ikawachukua wao na kuwarudisha wale wengine nyumbani. Waliorudishwa walikuwa Beatles. Lakini huo wimbo wa 1968 haukutungwa London wala Liverpool. Ulikuwa wa Daudi Kabaka, Mkenya aliyezaliwa Uganda mwaka 1939, na ulirekodiwa hapa Nairobi katika studio ya Equator. Kabla Mwingereza hajajua utamkwe vipi, mitaa ya Kaloleni, Bahati na Shauri Moyo ilikuwa imeshauchezea mpaka viatu vikatoboka.

Naanzia hapo kwa makusudi. Wenzangu wa rika langu wakikaa pamoja Jumapili alasiri, chupa mbili tatu mezani, huanza kuukumbuka muziki wa ujana wao kana kwamba sisi wa Eastlands, yaani mitaa hiyo, tulikuwa wapokeaji tu. Elvis akaja, Beatles wakaja, Hendrix akaja, nasi tukanyoosha mikono. Kumbukumbu hizo ni tamu na ni zangu pia, nami nitazieleza. Ila roki ilipofika Jogoo Road, ambayo enzi hizo iliitwa Doonholm Road, ilikuta watu wanapiga gitaa.

Waliopiga walitoka mbali. Kutoka Katanga alikuja Jean-Bosco Mwenda, bingwa aliyeweza kutoa besi, mwendo na sauti ya juu kwa vidole viwili vitatu, na mwenzake Edouard Masengo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 walikuwa Nairobi, sauti zao zikisikika redioni, Bosco akitangaza hata dawa ya kichwa ya Aspro. Kutoka Magharibi mwa Kenya walikuja akina George Mukabi na mtindo wao wa omutibo: mmoja anachuna gitaa kavu, mwingine anakwaruza chupa ya Fanta. Chupa hiyo ndiyo iliyokuwa ngoma. Waliokuja mjini kutafuta kazi za reli na viwandani walipangiwa vyumba vya Kaloleni, Makongeni, Muthurwa na Ziwani, nao magitaa wakayabeba pamoja na masanduku ya mbao.

Ndiyo maana twisti haikutushtua. Chubby Checker alipoutikisa ulimwengu mwaka 1960, vijana wa Nairobi walichukua jina lake na mtikisiko wa kiuno, lakini mapigo waliyaazima kwingine. Ukiisikiliza vizuri twisti ya Kabaka, au "Angelike" ya John Nzenze, utasikia kwela ya Afrika Kusini imekaa katikati, na juu yake vidole vya omutibo. Marekani ilitoa jina la dansi, Johannesburg ikatoa mwendo, Magharibi ya Kenya ikatoa gitaa, na Eastlands ikatoa wachezaji. Kabaka mwenyewe aliuita mchanganyiko huo twisti ya Kiafrika, na katika studio ya Equator hakuwa peke yake. Alikuwako Fadhili William, mwana wa Taita ambaye "Malaika" ilimpa jina na pia kesi isiyokwisha ya nani hasa aliutunga. Walikuwako Peter Tsotsi na Nashil Pichen kutoka Zambia. Alikuwako Gabriel Omolo, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 angetoa "Lunch Time", wimbo kuhusu wafanyakazi wa mjini saa ya chakula cha mchana: mwenye nacho anaingia hotelini, asiye nacho anakwenda kujilaza kwenye nyasi. Baba zetu waliokuwa wakitembea kwa miguu kutoka Makadara hadi Industrial Area hawakuhitaji kuelezwa maana yake.

Anayetaka kujua muziki huo ulichezwa wapi aende akaitazame holi ya Kaloleni. Mtaa wenyewe ulijengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya Waafrika wenye familia, na holi yake ikawa bunge la watu wasiokuwa na bunge. Siasa za chama cha KAU zilipikwa humo. Mchana hotuba, usiku gitaa. Pumwani walikuwa na holi yao ya zamani zaidi, na Bahati, Makadara na Jericho wakapata zao. Ramani ya mitaa hii ina makaburi ndani yake: Ofafa imepewa jina la diwani Ambrose Ofafa aliyeuawa 1953, na Mbotela jina la Tom Mbotela aliyeuawa 1952. Miaka kumi baadaye, katika mitaa hiyo hiyo ambayo wakati wa Hali ya Hatari mtu alitembea na kipande mfukoni akihofia msako, watoto wa waliosakwa walikuwa wakipanga viti ukutani ili sakafu ibaki wazi kwa twisti. Huwezi kuielewa furaha ya miaka ile bila kukumbuka hilo. Ilikuwa ruhusa ya kuwa nje usiku.

Mimi ni wa kizazi kilichofuata. Nililelewa Jericho, katika nyumba ya kanju, yaani ya baraza la jiji, na muziki niliupata kwa baba mdogo, karani wa reli aliyekuwa akiishi Makongeni. Jumamosi mchana nilitumwa kwake kupeleka unga au kuchukua ujumbe, na nilihakikisha ujumbe unachelewa. Alikuwa na gramafoni ya Philips ya kufunga kama sanduku, inayotumia mawe. Mawe yakichoka aliyaanika juu ya bati mpaka jioni, nayo yalikubali kufanya kazi kwa upande mmoja wa sahani, wakati mwingine nusu, sauti ya Otis Redding ikizidi kuwa nzito kadiri nguvu zilivyokwisha. Juu ya mkono wa sindano alikuwa amebandika ndururu kwa gundi ili sindano isiruke penye mkwaruzo. Sahani yenye mikwaruzo mingi iliongezewa ndururu ya pili. Kila sahani aliipangusa kwa kitambaa cha flaneli alichokikunja mara nne, akiizungusha kutoka ndani kwenda nje, na hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuigusa, hata mkewe.

"Shika ukingo, usishike uso," alikuwa akiniambia siku aliponiamini kumpokeza. "Uso wa sahani ni kama uso wa mtu."

Sanduku lake la sahani lingemchanganya mwanamuziki yeyote wa leo anayependa kupanga muziki kwa mafungu. Kabaka alilala juu ya Beatles. Jim Reeves alikuwa na Franco. Percy Sledge, Santana, Wilson Pickett, D.O. Misiani na kwaya moja ya kanisa walishiriki kona moja. Neno roki silikumbuki kinywani mwake. Alisema "hii ni gitaa" au "hii ni sauti", basi. Ya gitaa ilikuwa ya kusikiliza umesimama. Ya sauti ilikuwa ya kusikiliza umekaa, ikiwezekana na mke karibu. Kwa hesabu hiyo Hendrix na Misiani walikuwa ndugu, na nikifikiri leo sioni alikosea wapi.

Sahani zenyewe hazikutoka mbali. Nairobi ilikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri tangu miaka ya 1950, na hata nyimbo za Uingereza na Marekani zilichapwa hapa hapa kwa leseni, zikauzwa kwenye maduka ya Wahindi ya River Road na mitaa ya jirani: Assanand, Melodica na wenzao. Melodica walikuwa na tabia ya kuuweka muziki kwenye spika inayoelekea nje, na mwisho wa mwezi ungeona mkusanyiko wa watu barabarani wakisikiliza bure, kila mmoja akijifanya anangoja basi. Sahani haikuwa ununuzi wa mchezo. Mtu alichagua moja, akaenda nayo nyumbani ndani ya koti, na Jumamosi hiyo majirani wote walijua amenunua nini.

Asiyekuwa na gramafoni alikuwa na Sauti ya Kenya. Idhaa ya taifa ilitupa salamu, taarabu, benga na rumba. Idhaa ya Kiingereza ilitupa yale mengine, hasa jioni katika kipindi cha Sundowner, wakati sufuria ya sukuma wiki ikiwa motoni. Tulikaa na daftari la shule tukinakili maneno. Redio hairudii, kwa hiyo tuligawana mistari: mmoja anadaka ubeti wa kwanza, mwingine kiitikio, kisha tunaunganisha. Yaliyopatikana yalikuwa Kiingereza cha ajabu ambacho hakijawahi kuzungumzwa na binadamu, lakini tuliimba kwa imani kamili.

Hapa nimtaje dada yangu, kwa kuwa simulizi za muziki wa Eastlands zimeshikwa na wanaume kupita kiasi. Sisi wavulana tuliruhusiwa kuzurura hadi holi, kuchungulia madirishani, na tulipofikisha umri, kulipa na kuingia. Msichana aliyeonekana mlangoni mwa holi alikuwa na kesi nyumbani kabla hajafika. Lakini ni yeye aliyebaki na redio akipiga pasi na kumbembeleza mtoto, na hadi leo, nikikwama katikati ya wimbo, ndiye ninayempigia simu. "Nyinyi mlikuwa mnacheza," aliniambia juzi. "Mimi nilikuwa nasikiliza." Sikuwa na la kujibu.

Tulikuwa na bahati ambayo hatukuijua. Novemba 1969, ng'ambo ya mpaka, wakuu wa Dar es Salaam walipiga marufuku muziki wa soul kwa hoja kwamba unaharibu vijana na utamaduni wa taifa. Nairobi haikufanya hivyo. Serikali yetu ilikuwa na mambo mengine ya kuhofia, na kibepari hakatazi kinachouzwa. Basi vijana wa nchi hii wakajaza pengo. Slim Ali kutoka Mombasa na kundi lake la Hodi Boys waliimba soul kwa Kiingereza safi kiasi kwamba wageni waliuliza Mmarekani huyu ametokea wapi. Kundi la Matata lilichanganya fanki, ngoma na Kiswahili, likaondoka Nairobi, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 likawa linarekodi London. Ukiisikiliza kazi yao sasa, pembe zikilia juu ya gitaa lenye makali, utajiuliza kwa nini vitabu vya historia ya muziki vinaruka moja kwa moja kutoka Lagos hadi Kinshasa bila kushuka Nairobi.

Jibu langu ni kwamba tulisaidia kujifuta wenyewe. Kumbi ambazo makundi hayo yalipiga, kama Starlight kule Milimani, zilikuwa mbali nasi kwa nauli na kwa mavazi. Mtoto wa Jericho aliwajua Matata kwa jina tu, huku akimjua Jim Reeves kwa moyo.

Nimsimamie kidogo Jim Reeves. Alikufa katika ajali ya ndege Julai 1964, na sina hakika kama kuna mji nje ya Marekani uliomlilia kwa muda mrefu kama wetu. Kizazi cha baba zetu kilimpenda kwa sababu alitamka maneno polepole, hakupiga kelele, na aliimba habari za nyumbani uliposafiri ukaacha mama. Kila mtu wa Eastlands alikuwa ameacha mama mahali: Siaya, Kakamega, Murang'a, Machakos. Baadaye akina Kenny Rogers na Dolly Parton wakakaa kwenye kiti hicho hicho. Mapenzi hayo hayajaisha. Tunaye Elvis Otieno, mwimbaji wa kantri anayejulikana kama Sir Elvis, aliyezaliwa 1977, mwaka Elvis Presley alipokufa, akapewa jina la marehemu kama tunavyofanya kwa mababu.

Roki nzito ilikuwa kitu kingine. Deep Purple na Led Zeppelin waliletwa mtaani na wavulana wa shule za bweni, waliorudi likizo na nywele za afro, suruali za bugaluu na kaseti walizoazimwa na wenzao matajiri. Wazazi walisema ni muziki wa shetani; sisi wengine, nikisema ukweli, tulisema ni kelele, ila hatukuthubutu kusema kwa sauti mbele ya wasichana. Roki iliyotushika ilikuwa yenye ngoma ndani yake. Santana, kwa mfano. Conga zake tulizielewa kabla hatujamaliza kusikiliza. Na zaidi ya wote, Osibisa, kundi la Waghana na watu wa Karibiani walioishi London, likiongozwa na Teddy Osei. Jalada la santuri yao ya kwanza, ya 1971, lilikuwa na tembo wenye mabawa ya mdudu wakiruka angani, na jamaa mmoja wa Maringo aliyekuwa nalo alilitundika ukutani sebuleni, mahali ambapo kwa kawaida pangekaa picha ya Mzee Kenyatta. Watu walikwenda kutazama jalada tu. Sahani yenyewe ilikuwa imevunjika.

Kisha ikaja Buruburu. Kuanzia 1973, awamu baada ya awamu, zilijengwa zile nyumba za paa la vigae vyekundu, za ghorofa moja, zenye uwanja mdogo mbele na mkopo wa nyumba nyuma. Wakaingia walimu, makarani wa benki, wauguzi, na pamoja nao stirio: spika mbili zinazofika kifuani, amplifaya yenye taa ya kijani. Sisi wa Jericho tulikuwa ng'ambo ya barabara tu, na tofauti ilisikika. Upande wetu muziki ulitoka dirishani kwa sauti moja; upande wao ulitoka kwa mbili, gitaa kushoto, ngoma kulia. Mara ya kwanza nilipoketi katikati ya spika hizo, kwenye zulia la nyumba ya mwanafunzi mwenzangu, ilikuwa "Hotel California" ya Eagles. Yale magitaa mawili ya mwishoni, ambayo miezi yote nilidhani ni moja, yakajitenga masikioni. Mama mwenye nyumba alipita na trei ya chai akasema, "Wanangu, punguzeni, baba yenu ametoka shifti ya usiku." Tukapunguza. Nilikwenda nyumbani nikiwa na hasira na redio yetu.

Bugi za Jumapili alasiri zikahamia huko. Chumba kimoja kinafungwa mapazia, balbu inapakwa rangi nyekundu, vinywaji ni soda na jagi la Treetop, na kabla jua halijatua kila msichana lazima awe amerudi kwao. Zilichezwa Boney M, Bee Gees, Abba, Kool and the Gang. Ilipofika saa ya nyimbo za taratibu, kijana aliyekuwa mwoga alijipa kazi ya kubadilisha sahani. Niliibadilisha miaka mingi.

Muziki wetu wenyewe ulikuwa wapi wakati huo? Ulikuwako, tena katika kilele. Les Wanyika walijitenga na Simba Wanyika mwaka 1978, na "Sina Makosa" yao, na lile gitaa la kati la Omar Shabani lisilokoma, lilipigwa kila baa ya Jogoo Road. Les Mangelepa na Super Mazembe walikuwa wakijaza kumbi. Lakini katika bugi za Buruburu kumpigia mtu Les Wanyika kungeonekana ushamba. Hao walikuwa wa wazazi. Hii ndiyo aibu ya rika letu, na watawala waliiona pia. Mwaka 1980 Sauti ya Kenya iliamriwa robo tatu ya muziki inaoupiga uwe wa Kenya. Wanamuziki walishangilia. Wasikilizaji na watangazaji wakalalamika kwamba sahani hazitoshi na zinarudiwa, na amri ikazikwa muda mfupi baadaye. Wakati ule niliona kuzikwa kwake ni ushindi. Leo naona kwamba amri ilikuwa na nia njema na maandalizi duni, jambo tunalolijua sana hapa kwetu.

Agosti mosi 1982 ikaja na risasi. Kambi ya wanahewa ilikuwa Eastleigh, na askari wengi waliishi Umoja na mitaa ya jirani, kwa hiyo jaribio lao la mapinduzi kwetu halikuwa habari ya redioni, lilikuwa majirani. Amri ya kutotoka nje usiku ilipowekwa, dansi zilikufa kwa muda, na baadhi ya kumbi hazikuwahi kurudi kama zamani. Muziki ulikimbilia kwenye kaseti na, ndani ya miaka michache, kwenye matatu. Dereva wa 58 ya Buruburu ndiye aliyekuwa mtangazaji wetu mpya. Abiria alichagua gari kwa wimbo, akaliacha gari tupu lililo kimya na kupanda lililojaa lenye Dire Straits au Shalamar.

Na Queen. Tuliwapenda Queen miaka yote hiyo bila kujua kwamba yule mwimbaji wao mwenye masharubu alizaliwa Unguja Septemba 5, 1946, Farrokh Bulsara, na aliondoka kisiwani akiwa kijana wakati wa mapinduzi ya 1964. Wengi wetu tulilijua hilo baada ya kufa kwake mwaka 1991. Nilipomweleza baba mdogo, akiwa amestaafu na gramafoni imeshauzwa, hakushangaa hata kidogo. "Nilijua ile sauti si ya baridi," akasema. Sijui alikuwa amejua nini, lakini hakuwa mtu wa kubishiwa.

Ya baada ya hapo ni ya watoto wetu. Hardstone alipotoa "Uhiki" katika miaka ya 1990, akiimba Kikuyu juu ya mapigo ya Marvin Gaye, wazee wa Buruburu waliitambua besi kabla ya mwimbaji kufungua kinywa: sahani ile ilikuwa kwenye stirio zao. Kalamashaka wakatoka Dandora, Calif Records ikaanza mtaa wa California, na Eastlands ikawa na muziki ambao haukuomba ruhusa kwa mtu. Na roki haikufa. Nairobi imepata makundi yake, kutoka Parking Lot Grass hadi Crystal Axis wanaopiga panki ya kisiasa, na Duma ambao mwaka 2020 walitoa santuri nzito kiasi cha kuwatisha Wazungu waliobuni kelele hizo. Nimewasikiliza. Sikumaliza. Mwanangu anasema hiyo ndiyo sifa.

Kinachonisumbua ni sahani. Nyumba za kanju zimezeeka na mipango ya kuzibomoa ili kupisha maghorofa imekuwa ikitangazwa, ikisimama na kuanza upya; Pangani ya zamani tayari haipo. Familia zinapohama, sanduku la baba hufunguliwa mara moja, huonekana lina vumbi, na huuzwa pamoja na vyuma chakavu. Wako wanaojua thamani yake. Katika soko la Kenyatta, kibanda nambari 570, Jimmy Rugami amekaa miaka mingi akiuza santuri na kutengeneza gramafoni, na wateja wake ni vijana wasiozidi nusu ya umri wangu. Wako pia wakusanyaji wa Ulaya. Mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya London ilitoa mkusanyo uitwao Kenya Special, wa nyimbo za Kenya za miaka ya 1970 na 1980 zilizookotwa kutoka sahani ndogo kama zile za baba mdogo. Ni kazi nzuri, nami ninayo. Lakini kuna majina ya wapiga gitaa ambayo Mwingereza hawezi kuyajua hata akitafuta vipi, kwa kuwa hayakuandikwa kwenye lebo. Yamo vichwani mwa watu wa Maringo, Ofafa na Bahati waliokuwako ukumbini.

Kwa hiyo, msomaji, kama kuna sanduku chini ya kitanda cha babako au la shangazi yako, usilipeleke soko la Gikomba. Litoe, pangusa kila sahani kwa kitambaa kikavu, kutoka ndani kwenda nje, kisha mketishe mwenyewe na umwulize: hapa nani anapiga gitaa, alikaa mtaa gani, mlimwona wapi? Andika jibu kwa kalamu nyuma ya jalada, pamoja na tarehe. Muulize na mama pia. Huenda yeye ndiye anayeyajua maneno yote.